Tupeane uzoefu: Wana-Ituri, kabila lako lilikugharimu nini enzi za jeshi la Uganda (1998–2003)?

Ndugu zangu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, mlioko nyumbani na mliotawanyika Kyangwali, Kampala, Beni hadi Ulaya, naomba kila mmoja aandike aliyoyaona. Watoto wetu wakiuliza vita ilitokea wapi, wanaambiwa Wahema na Walendu wamechukiana tangu mababu. Silikubali jibu hilo. Ugomvi wa mashamba ulikuwepo, tena wa siku nyingi: Wabelgiji walitugawa kwa kolektivite (maeneo ya utawala) za kikabila, halafu sheria ya ardhi ya 1973 ikampa mwenye pesa na kalamu nafasi ya kujiandikishia ardhi yenye watu juu yake. Lakini bibi yangu ni Mlendu aliyeolewa kwa Wahema, na alizeeka kwa amani hapo hapo.

Kilichogeuza mambo ni Juni 1999. Jenerali Kazini wa jeshi la Uganda alitangaza jimbo jipya, Kibali-Ituri, akamteua Adèle Lotsove, Mhema, awe gavana. Djugu, wilaya ya huko huko Ituri, tayari kulikuwa kunafuka moshi kwa sababu ya mashamba, na baadhi ya wenye konsesheni (mashamba makubwa) walikuwa wanawalipa askari hao hao wawalindie ardhi. Mlendu wa kawaida alielewaje? Kwamba serikali, bunduki na shamba vimeenda upande mmoja.

Nilikuwa na miaka 12, tunakaa Nyakasanza, mtaa wa mji wa Bunia. Kwenye kitambulisho cha baba kolektivite iliandikwa Walendu Pitsi, yaani jina la kabila limo ndani ya jina la mahali. Usiku mmoja nilimkuta mezani na kiwembe, anakwangua neno "Walendu" taratibu, anapuliza unga wa karatasi. Alikwangua mpaka pakatoboka. Asubuhi akasema kadi yenye tundu ni mbaya kuliko yenye jina, akaichoma jikoni.

Haya, endeleeni.

Mgegere wa Fataki
Asante kwa kuanzisha. Wengi hawajui kwamba sisi Wahema wa kaskazini tunaongea Kilendu nyumbani. Ni lugha ya mama yangu na ya bibi yake. 2002 tulikuwa tunahama kwa miguu, tukafika barieri ya vijana wa upande wetu, kadogo (askari watoto) watupu, mkubwa wao labda miaka 15. Mdogo wangu akalia kwa Kilendu: anataka maji. Wote wakageuka. Mama alimziba mdomo, akaanza kuwataja wazee wa ukoo mmoja mmoja, babu, baba wa babu, mpaka kijana mmoja akasema huyo namjua, wapite. Kilomita chache mbele, barieri ya upande wa pili, mama akatuambia sasa ongeeni Kilendu, tena kwa sauti. Lugha ile ile, siku ile ile.

Mbira
Sisi Wabira wa Andisoma hatukuwa Wahema wala Walendu, tukadhani tutaachwa. Nyankunde, Septemba 2002, hospitali ilivamiwa, wagonjwa wakauawa vitandani. Kabila dogo lilibanwa katikati, kila upande ukituuliza kwa nini hatuko nao. Hilo nalo liandikwe, maana kila anayesimulia Ituri anahesabu makabila mawili tu.

Mwanzisha mada
Pole sana, na umenikosoa vizuri. Mimi mwenyewe nimeandika hapo juu kama vile tulikuwa wawili. Kwa wanaodhani haya ni maneno ya wakimbizi: Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema mwaka 2005 kwamba Uganda ilikuwa mtawala mvamizi katika Ituri, na ilichochea mapigano ya kikabila bila kuyazuia. Februari 2022 ikaamuru Kongo ilipwe dola milioni 325, kwa awamu tano za milioni 65.

Mama Pacha
Nimesoma nikalia. Mimi ni Mlendu. Agosti 2002 Bunia ilipoingia mikononi mwa UPC, kundi la wapiganaji la Wahema, nilikuwa na mimba kubwa na mume hayupo. Aliyenificha ni mama wa Kihema, Mudzipela, katikati kabisa ya kartie (mtaa) ambayo Mlendu hakutakiwa kuonekana. Aliniweka kibandani, nyuma ya magunia ya makala (makaa), siku tisa. Sombe (kisamvu) aliniletea ndani ya ndoo ya kudekia, juu amefunika tambara, ili majirani waone anakwenda kusafisha. Usiku wa tisa alinivalisha kitenge chake, akanitembeza mwenyewe mpaka njia ya Komanda, amenishika mkono kama dada yake.

Hatukuambiana majina. Yeye ndiye aliyekataa, alisema tukikamatwa lisijulikane la kutaja. Alikuwa anauza makala na mafuta ya mawese, mrefu, ana kovu la moto kiganjani. Pacha sasa ni wakubwa. Kama kuna mtu wa Mudzipela humu anayemfahamu, tafadhali amwambie walizaliwa wote wawili wazima.