Mahamri na kahawa tungu ya Mombasa: tupeane uzoefu

Mwanzisha mada
Jamani, jana baada ya alasiri nilikuwa Mji wa Kale. Nimekaa barazani Kibokoni na mahamri manne ya moto, yamefungwa gazetini, mafuta yanaenea kwenye karatasi. Mwenye kahawa akapita na dele lake la shaba, anagonganisha vikombe kwa mkono mmoja. Akanimiminia. Tangawizi mpaka kooni! Nikararua hamri, ndani tupu kama linavyotakiwa, iliki ikatoka na mvuke, nikachovya. Mzee aliyekaa kando akanitazama: "Hiyo si chai, mwanangu." Nikaona haya mpaka basi. Wenzangu, nyinyi mnakulaje?

Wa Kuze
Mzee kasema kweli. Mahamri yana wenyewe: mbaazi za nazi na chai ya maziwa, asubuhi. Kahawa tungu ni ya jioni, nayo hutaka kitu kitamu hasa. Kashata, tende, halua. Ukishikilia lazima kiwe cha kukaanga, kula kaimati zilizokolea shira.

Mjukuu wa kuli
Sikubali. Babu yangu alikuwa kuli bandarini Kilindini. Akirudi zamu ya usiku alikuta mahamri ya jana kwenye kawa, yameshakauka, na hayo ndiyo aliyachovya katika kahawa, taratibu, haongei na mtu. Hamri la moto likichovywa hulegea likakatikia kikombeni. La jana linavumilia.

Mla baridi
Niko Toronto. Mara ya kwanza kupika huku donge halikuumuka kabisa. Nikasukuma hivyo hivyo, yakatoka biskuti. Nikampigia mama, akacheka kwanza. "Tui ulilitoa wapi?" Friji. "Basi umeilaza hamira kwa baridi." Siku hizi tui nalipasha liwe vuguvugu, na donge nalifungia ndani ya oveni iliyozimwa, taa tu inawaka. Na hili sikulijua nyumbani kwa sababu sikuwahi kusimama kwenye karai: ukishalitia hamri, limwagie mafuta ya moto juu kwa upawa, upesi upesi, livimbe ndipo uligeuze. Dele sina. Kahawa nachemsha kwenye sufuria na tangawizi kavu niliyoiponda, jirani wa juu ananiuliza nani anaumwa.

Pembe tatu
Na nyinyi mnaoita kila kitu mandazi, hamri bila tui la nazi si hamri. Nimemaliza.

Bi Mikia
Mimi ni kaimati, Ramadhani. Bibi alinifundisha kuminya unga kwenye ngumi utokeze juu ya kidole gumba, uukate kwa kijiko kilicholowa maji. Yeye zake mviringo kama gololi. Zangu zote zilikuwa na mikia, kaka zangu wakaziita viluwiluwi, na magharibi ilipoadhiniwa wakazimaliza hizo kwanza kwa kuwa mikia ilikauka ikawa inalia mdomoni. Kaka mkubwa mpaka leo huniagizia "zile za mkia".

Mwanzisha mada
Mjukuu wa kuli, nimejaribu. Leo nimerudi baraza ile ile na mawili ya jana. Mzee alikuwepo. Nikachovya, hakusema kitu. Nikachovya tena. Akanyoosha mkono akachukua lile la pili.