Alimantasio yenye friji au butike ya kupimia: ipi inafaa Katuba?

Mkaaji wa Katuba:
Ndugu zangu wa Lubumbashi, hapa Kongo, iwe mko komini ya Kenya (ya mji wetu, si nchi), Ruashi au Kamalondo, ninakusudia kufungua duka la vyakula Katuba, katika mtaa wa ndani ambako, jua likishazama, mtu anayehitaji glasi ya mafuta hana pa kwenda. Ninasita kati ya alimantasio yenye rafu, friji na bidhaa za paketi, na butike, yaani kiduka cha kupimia kwa meka (kopo la kupimia) na vifuko vidogo. Aliyejaribu zote mbili anielekeze.

Mama Butike, Kenya:
Mdogo wangu, mimi nilianza na alimantasio, na friji ndiyo iliyonirudisha nyuma. Umeme ulipokatika siku mbili mfululizo, samaki wa barafu niliyemnunua kwa dola aliharibika, nami nikabaki na deni la depo, duka la jumla. Mteja wangu hulipwa leo na hupika leo. Anayenunua unga kwa meka hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko anayebeba mfuko wa kilo 25, naye analijua hilo, ila pesa ya mfuko mzima haijawahi kulala nyumbani kwake. Kwa sababu hiyo butike huzungusha mtaji haraka, mradi meka yako ijae kweli, maana mtaa mzima hujua ni nani anayepunja.

Kaka wa Ruashi:
Kwa heshima, mama, nakubali nusu tu. Tofauti hiyo ya bei inamwumiza maskini kila siku, na sisi wenye butike ndio tunaoila. Wanne kati yetu tulichanga, kama watu wa likelemba (kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu), tukaleta mzigo mmoja kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yapata kilomita 90, badala ya kila mmoja kuchukua mfuko mmoja mmoja kwenye depo la jirani. Ndipo tukaweza kushusha bei ya meka bila hasara. Udhaifu upo: mmoja akichelewa kuchanga, gari haliondoki. Tena tunategemea mahindi ya Zambia, na ukame wa 2024, ambao serikali yao iliutangaza kuwa janga la taifa, ulitukumbusha kwamba mzigo unaweza kukosekana hata pesa ikiwepo.

Mhasibu wa Kamalondo:
Msisahau kubadilisha pesa. Depo hudai dola, mteja hulipa faranga. Faranga ikishuka, paketi iliyokaa rafuni mwezi mzima inauzwa kwa bei isiyoweza kununua nyingine. Hapo butike inashinda, lakini kwa yule tu anayebadilisha pesa zake jioni ileile.

Mkaaji wa Katuba:
Nashukuru. Nitaanza na butike bila friji, na kwa unga nitatafuta majirani watatu wa kuchanga nao. Mama, daftari la madeni ulilimudu vipi?

Mama Butike, Kenya:
Meka moja kwa nyumba moja, na hakuna ya pili mpaka ya kwanza ilipwe. Penye msiba tu ndipo ninapofumba macho. Nawe kaka wa Ruashi, mzigo ujao nihesabuni.