Fedayi wa Kiarmenia: walivilinda vijiji au waliviponza?

Wakuu, kila tukigusa dola ya Waosmani (Uturuki ya zamani) hoja hii hurudi: wapiganaji wa msituni wa Kiarmenia, fedayi, ndio waliowaponza wenzao wakachinjwa 1894 hadi 1896. Eti Sultani asingechokozwa asingeua. Naikataa. (Fedayi ni mtu aliyejitoa, shina lake la Kiarabu ndilo lililotupa "fidia".)

Tuanzie Sasun, milimani kusini mwa mji wa Mush, mashariki mwa Uturuki ya leo. Mkulima wa Kiarmenia analipa kodi ya serikali, kisha anakuja agha (chifu) wa Kikurdi kudai yake ya "ulinzi". 1894 wakagoma kulipa mara mbili, likaletwa jeshi. Ibara ya 61 ya Mkataba wa Berlin wa 1878 iliwaahidi Waarmenia usalama. Walichopata 1891 ni vikosi vya Hamidiye, wapanda farasi wa Sultani, vilivyoandikishwa kutoka makabila ya Kikurdi. Mkulima huyo umwambie atulie?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umeruka. Agosti 1896 Dashnak, chama cha wanamapinduzi wa Kiarmenia, waliteka Benki ya Osmani, Istanbul. Watekaji waliosalia wakasafirishwa salama hadi Ufaransa. Hamali wa Kiarmenia, asiyejua benki ina milango mingapi, akauawa kwa rungu barabarani. Maelfu waliuawa. Hamali huyo alimtuma nani benki?

Mtoa mada:
Hapo umenibana, ndugu yangu. Lakini mjini Urfa, Desemba 1895, Waarmenia walichomwa moto ndani ya kanisa walilokimbilia. Ni miezi minane kabla ya benki. Nani alichokoza?

Mchangiaji wa pili:
Nyote mmekwepa mpaka. Julai 1897 fedayi walivuka kutoka Uajemi, wakaipiga kambi ya kabila la Kikurdi la Mazrik pale Khanasor, karibu na Van, wakarudi walikotoka. Mwanakijiji wa Van hana pa kurudi, ana ng'ombe na ghala. Novemba 1901 Andranik, kiongozi wa fedayi, na watu wapatao 30 walijifungia kwenye monasteri ya Arakelots, karibu na Mush. Jeshi likawazingira wiki kadhaa, wakatoroka usiku. Sifa tele. Kijiji kinatorokaje usiku?

Mtoa mada:
Swali zuri, na Sasun ya 1904 inakupa nguvu: fedayi walirudi nyuma, vijiji vikateketezwa. Ila 1908 katiba ya dola iliporudishwa, walishuka milimani wakaweka silaha chini. Aliyezoea damu hafanyi hivyo. Miaka saba baadaye, katika mauaji ya kimbari ya Waarmenia ya 1915, walioangamizwa ni pamoja na vijiji ambavyo havijawahi kumlaza fedayi hata usiku mmoja. Anayesema waliviponza anieleze hivyo.