Tupeane uzoefu: siku dedlaini ya asaimenti ya mtandaoni ilipokupita

Chelewachelewa: Wakuu, nimekula sufuri ya kizembe. Asaimenti iliisha tangu Alhamisi, imekaa kwenye kompyuta, mimi nairemba tu. Mwisho uliandikwa Jumapili 12:00 a.m. Nikajua nina Jumapili nzima. Kumbe mlango ulijifunga usiku wa Jumamosi, nimelala fofofo. Nani mwingine yamemkuta?

Kalamu Butu: Usiku wa kuamkia Jumapili, siyo wa Jumamosi. Kwa hesabu ya Kiswahili siku huanza jua likizama. Ungewaza Kiswahili ungepona.

Chelewachelewa: Mhadhiri hakuandika Kiswahili, mkuu.

Pole Yangu: Afadhali wewe. Waliandika 12:00 p.m., mimi kichwani nikasoma saa kumi na mbili jioni. Nikatokea na kazi yangu saa kumi na moja, najiona wa mapema. Wenzangu walishamaliza tangu saa sita mchana.

Kalamu Butu: Ndiyo maana wenye akili huweka 11:59.

Mtu wa Pembeni: 11:59 ya wapi? Kozi yangu inafuata saa za London. Nilizoea mlango kufungwa saa 8:59 usiku wetu. Jumapili ya mwisho ya Machi wenzetu wakasogeza saa mbele, ukafungwa 7:59. Nilikuwa nimeweka kengele ya saa 8.

Mama Wawili: Mmenikumbusha mbali. Mimi na mume wangu tulijiunga kozi moja, tusaidiane. Kusaidiana kukawa mimi naandika mbili. Ya kwake nilimaliza mchana, nikaipakia kwa simu yangu. Ya kwangu nikaiandika usiku, mtoto ana homa, nimempakata, nachapa kwa kidole gumba kwa sababu kompyuta kaishika mwenyewe "anajisomea". Saa 5:40 nikamaliza, bando likakata. Nikaomba intaneti ya simu yake, betri yangu asilimia 4. Nikapakia, tiki ya kijani ikatokea, nikalia kidogo. Asubuhi kwangu hakuna kitu. Akaunti yake sikuwa nimeitoa. Ile niliyoikesha ilifuta ya kwake ikakaa mahali pake. Akapata 78. Nilipoipakia upya kwa jina langu, mashine ya kupima kunakili ikasoma asilimia 100. Nikaitwa nijieleze kwa nini nimemwibia mume wangu.

Pole Yangu: Mungu wangu.

Jicho Kodo: Na yeye alisemaje?

Mama Wawili: Alisema mfumo una hitilafu.

Jicho Kodo: Dada, ondoka hapo.

Kalamu Butu: Kwa asaimenti? Halafu tusidanganyane, kumwandikia mtu kazi ni udanganyifu hata kama ni mumeo. Hata dedlaini ingewahiwa, kosa lilikuwepo.

Jicho Kodo: Wewe umeona kosa la nani hapo, la aliyekesha au la aliyelala?

Kalamu Butu: La wote wawili. Sijasema vingine.

Babu Kozi: Turudi kwenye mada. Wanaotumia Moodle, ule mfumo wa kozi za mtandaoni, kuna tarehe mbili: ya kukabidhi na ya kufunga kabisa. Kati ya hizo mfumo bado unaweza kupokea, ila unaandika umechelewa. Na faili ikipanda siyo mwisho, angalia isije ikawa imebaki rasimu. Mimi ilibaki rasimu siku tisa, natamba kwamba nimemaliza. Piga skrinishoti kila hatua.

Mtu wa Pembeni: Skrinishoti yangu mhadhiri alisema nzuri, hakuongeza maksi.

Zimwi la Usiku: Dawa ni kutuma faili bovu lisilofunguka. Wakilalamika, wewe umeshamaliza kuandika.

Babu Kozi: Mwenzangu alifanya hivyo, akaambiwa alifungue zima mbele ya kamera, wakati huohuo. Usifundishe watu kuzama.

Pole Yangu: Mimi siku hizi natuma siku moja kabla.

Zimwi la Usiku: Muongo.

Pole Yangu: Saa moja kabla.

Chelewachelewa: Jamani, mada ilikuwa sufuri yangu.

Jicho Kodo: Subiri kwanza. Mama Wawili, huyo bwana kozi alimaliza?

Mama Wawili: Bado. Ana ya mwisho leo, 11:59 usiku. Ameshanipigia mara tatu, simu naiangalia tu inavyotetemeka mezani.