Dirisha la Tkinter linaganda programu ikisoma faili kubwa la CSV

kitufe7 (swali)

Habari wakuu. Natengeneza programu ya mezani kwa Python 3.12 na Tkinter (maktaba ya Python ya kutengeneza madirisha), kwenye Windows. Kitufe cha "Fungua" kikibofywa, programu inasoma faili la CSV lenye mistari 80,000 hivi na kuimwaga kwenye jedwali la ttk.Treeview. Faili dogo halina shida. Kwa hilo kubwa dirisha linaganda: kitufe kinabaki kimebonyea, upau wa maendeleo hausogei, na baada ya muda mfupi Windows inaandika kwamba programu haijibu. Kazi ikiisha, kila kitu kinajitokeza kwa mpigo. Kodi ni hii:

```
def fungua():
    with open(njia, newline="") as f:
        for m in csv.reader(f):
            jedwali.insert("", "end", values=m)
            upau.step()
```

Kosa liko wapi? Na dogo jingine: nikilivuta dirisha liwe kubwa, jedwali linabaki palepale.

mstari_mmoja

Weka `root.update()` ndani ya mzunguko, kila baada ya mistari 200 hivi. Upau utasogea.

nyuzi_mbili

Upau utasogea kweli, lakini hiyo `update()` inafungua mlango wa tabu nyingine. Inashughulikia matukio yote yanayosubiri, pamoja na mibofyo. Mtumiaji akibofya "Fungua" tena katikati ya kazi, `fungua()` ya pili inaanza ndani ya ile ya kwanza, na mistari inaingia mara mbili. Akifunga dirisha, `jedwali` linakufa huku mzunguko bado unaendelea, na unapata TclError (kosa linalotolewa na Tkinter).

Mkuu kitufe7, kosa si la upau. `mainloop()` ndiyo inayochora dirisha, kusikia kipanya na kusogeza upau, na yote hayo inayafanya kwenye uzi mmoja (thread, yaani mtiririko mmoja wa kazi ndani ya programu). Inapoiita `fungua()`, inasubiri mpaka irudi. Kwa muda huo wote hakuna anayechora chochote, `upau.step()` inabadilisha namba tu, na uchoraji unangoja zamu. Windows nayo ikiona dirisha halijapokea ujumbe wake kwa sekunde 5, inalihesabu limekwama.

Usomaji upeleke kwenye uzi wa pembeni, mistari ipitie foleni, na uzi mkuu uichukue kidogo kidogo:

```
foleni = queue.Queue(maxsize=20)

def soma(njia):
    try:
        kundi = []
        with open(njia, newline="", encoding="utf-8-sig") as f:
            for m in csv.reader(f):
                kundi.append(m)
                if len(kundi) == 500:
                    foleni.put(("data", kundi))
                    kundi = []
        foleni.put(("data", kundi))
        foleni.put(("mwisho", None))
    except Exception as e:
        foleni.put(("kosa", str(e)))

def fungua():
    kitufe.config(state="disabled")
    njia = kisanduku.get()
    threading.Thread(target=soma, args=(njia,),
                     daemon=True).start()
    root.after(50, chungulia)

def chungulia():
    try:
        aina, mzigo = foleni.get_nowait()
    except queue.Empty:
        root.after(50, chungulia)
        return
    if aina == "data":
        for m in mzigo:
            jedwali.insert("", "end", values=m)
        root.after(10, chungulia)
        return
    kitufe.config(state="normal")
    if aina == "kosa":
        messagebox.showerror("Kosa", mzigo)
```

Angalia `kisanduku.get()` iko wapi: inaitwa kabla uzi haujaanza, kisha njia inapitishwa kama maandishi ya kawaida. Ndani ya `soma` hakuna widgeti (kitufe, jedwali au kisanduku cha dirisha) hata moja inayoguswa, hata kwa kusoma thamani tu. Ukivunja kanuni hiyo, programu inaweza kwenda vizuri kwenye kompyuta yako halafu ikaanguka kwenye ya mwenzako, na kosa la namna hiyo ni gumu mno kulisaka.

Pia `chungulia` inachukua kundi moja tu kwa kila zamu. Ukiweka `while True` ili imalize foleni yote kwa mkupuo, utarudi kwenye kuganda kulekule, kwa sababu kuingiza mistari kwenye Treeview nako kunakula muda wa uzi mkuu. Mistari 80,000 ni makundi 160, kwa hiyo kungoja kwa milisekunde 10 kunaongeza kama sekunde 1.6 tu kwa jumla. Ile `maxsize=20` inazuia msomaji asitangulie mno na kujaza kumbukumbu: foleni ikijaa, `put` inangoja.

fremu_na_gridi

Kuhusu jedwali lisilotanuka: `sticky="nsew"` peke yake haitoshi. Nafasi ya ziada huenda kwenye safu yenye uzito, na uzito wa kawaida ni 0.

```
jedwali.grid(row=0, column=0, sticky="nsew")
root.rowconfigure(0, weight=1)
root.columnconfigure(0, weight=1)
```

Kama jedwali liko ndani ya fremu, uzito uwekwe kwenye fremu hiyo, na fremu nayo ipewe nafasi kwenye dirisha. Usichanganye `pack` na `grid` ndani ya mzazi mmoja.

kitufe7

Asanteni sana, dirisha haligandi tena. Kwenye upau nilitaka nionyeshe asilimia kwa `f.tell()` (mahali usomaji ulipofika) dhidi ya ukubwa wa faili, lakini `soma` inaleta OSError. Na nikifunga dirisha katikati ya usomaji, je, kuna hatari?

nyuzi_mbili

OSError hiyo inatokana na kwamba `csv.reader` inaita `next()` kwenye faili, na faili la maandishi likisomwa hivyo Python inazima `tell()`. Tumia `f.buffer.tell()`. Thamani yake inaruka kwa vipande kwa sababu faili linasomwa kwa mafungu, lakini kwa upau inafaa kabisa. Itume kwenye foleni pamoja na kundi, halafu `chungulia` iandike `upau["value"]`.

Kufunga dirisha: kwa kuwa uzi ni `daemon=True`, unakufa programu inapoisha. Kwa kusoma tu, hakuna hatari. Siku ukianza kuandika faili ndani ya uzi huo, usiache ukatwe hivyo, maana faili litabaki nusu. Tengeneza `simama = threading.Event()`, uzi uangalie `simama.is_set()` kila kundi, na `root.protocol("WM_DELETE_WINDOW", funga)` iite `simama.set()`, kisha ingoje kwa `after` mpaka `is_alive()` ya uzi irudishe False, ndipo `root.destroy()`. Usiite `join()` hapo: uzi mkuu utasimama, na kama foleni imejaa, mwenzake naye amesimama kwenye `put`. Hakuna atakayetoka. Ndiyo maana `chungulia` iendelee kuchota mpaka mwisho.

mstari_mmoja

Nimekubali kuhusu `update()`. Niongeze jambo moja: kama kila mstari una hesabu nzito za Python tupu, uzi hautasaidia sana, kwa kuwa nyuzi zinapokezana kufuli moja la mkalimani wa Python (GIL) na dirisha litakuwa zito. Hapo hamia `multiprocessing`, inayoendesha kazi kwenye prosesi tofauti, foleni iwe `multiprocessing.Queue`, na kodi ya kufungua dirisha iwe chini ya `if __name__ == "__main__":`. Kwenye Windows prosesi mpya inalisoma upya faili kuu la programu, na bila mstari huo utashangaa dirisha la pili linafunguka.