Mjadala: Mwanakwaya wa okestra kubwa alipwe, au aimbe kwa kujitolea?

Besi_Ukutani (mleta mada)

Wakuu, salaam. Sakata la kwaya ya San Francisco Symphony, okestra ya kule Marekani, bado halijanitoka kichwani. Kwa wasioijua: kwaya ipo tangu 1973, ina watu kama 150, lakini wanaolipwa ni 32 tu. Waliobaki wanajitolea. Mwaka 2024 uongozi wa okestra ulitaka kukata bajeti ya kwaya kwa asilimia 80, baadaye wakashuka hadi 65. Wale 32, kupitia chama chao cha wafanyakazi, AGMA, wakagoma. Septemba 19 watu wana tiketi mkononi kwenda kusikiliza Requiem ya Verdi, ile Misa ya Wafu, wakaambiwa hakuna onyesho. Na mawili yaliyofuata yakafutwa pia. Muda si mrefu wafadhili wasiotaka kutajwa wakatoa dola milioni 4, malipo yakarudi kama zamani.

Msimamo wangu nauweka mapema: walipwe. Pale jukwaani mpiga fidla analipwa, kondakta anayeongoza muziki analipwa, hata anayepanga viti analipwa. Ikifika zamu ya mwenye koo ndipo tunaanza kuhubiriana upendo wa sanaa. Karibuni.

Teno_Mstaafu

Napinga, mkuu. Nenda Atlanta. Robert Shaw alianzisha kwaya ya Atlanta Symphony mwaka 1970, watu kama 200, na hakuna anayelipwa hata senti. Mwaka 2003 wakaitwa Ujerumani kuimba War Requiem ya Britten na okestra ya Berlin Philharmonic. Hivi Berlin walikosa waimbaji wa kulipwa? Wanayo Rundfunkchor, kwaya ya redio, papo hapo mjini, tangu 1925, waimbaji wa mshahara kabisa. Bado wakawavusha bahari watu wanaofanya mazoezi jioni baada ya kutoka kazini. Ubora hauji na hundi.

Alto_wa_Nyuma

Nilishaimba kwenye kwaya ya namna hii huku ughaibuni. Jina la okestra naliacha. Mimi nilikuwa wa kujitolea, dada wa kushoto kwangu analipwa. Sare moja, faili la nota moja, mstari mmoja.

Niwape picha. Simfoni ya 2 ya Mahler: kwaya mnakaa jukwaani zaidi ya saa nzima bila kufungua mdomo, mbele ya macho ya watu. Kukohoa marufuku. Koo linakauka, chupa ya maji iko chini ya kiti na huwezi kuinama. Halafu okestra inanyamaza, na mnatakiwa kuingia kwa sauti ndogo kuliko mnong'ono, bado mmeketi, bila ala ya kuwashika mkono. Mimi nilikuwa namtegea sikio yule dada: akivuta pumzi, nami navuta. Nota ya kuanzia alikuwa nayo yeye kichwani tangu dakika kumi nyuma. Siku aliyoumwa na kukosa mazoezi, mstari wetu mzima ulichelewa kuingia, kondakta akatutazama kama waliovunja sahani ukumbini.

Kwa hiyo Teno, unapowaza wale 32, usiwaze sauti 32. Waza na wale wanaowategea pumzi.

Teno_Mstaafu

Atlanta hawana wa kumtegea na wanaingia vizuri tu. Hilo ni suala la mwalimu.

Jalada_la_Zamani

Tuweke rekodi sawa, maana naona mnajadili kana kwamba pesa imeingia kwenye kwaya hizi juzi. Someni ya Chicago. Miaka ya 1950 Fritz Reiner, kondakta wa Chicago Symphony, alimtaka Margaret Hillis alete kwaya yake kutoka New York. Wakapiga hesabu ya kusafirisha watu wote wale wakaona haibebeki. Ndipo Hillis akaombwa aunde kwaya palepale Chicago, 1957. Machi 1958 wakaimba Requiem ya Mozart chini ya Bruno Walter, na mwezi uliofuata ya Verdi chini ya Reiner mwenyewe.

Mnaelewa maana yake? Kwaya ya nyumbani ndiyo ilikuwa njia ya kubana matumizi! Leo uongozi ukisema kwaya ni mzigo, unalalamikia kitu kilichobuniwa ili kupunguza mzigo. Na Chicago hadi leo wapo wa kulipwa na wapo wa kujitolea.

Nje ya mada kidogo: Oktoba 31, 1977, Georg Solti, kondakta wa Chicago wakati huo, aliumia baada ya kuanguka, na Simfoni ya 8 ya Mahler inasubiriwa ukumbi wa Carnegie Hall, New York. Aliyepanda jukwaani kuongoza ni Hillis, mwalimu wa kwaya. Huyu mama wakati wa vita aliwahi kufundisha marubani wa jeshi la majini kuruka, sasa mtamtisha na Mahler? Aliiongoza kwaya ile miaka 37.

Teno_Mstaafu

Historia nzuri, lakini rubani wangu ni mwingine. Armand Diangienda, Kinshasa, alipokosa kazi ya urubani alianzisha okestra ya kanisa la Kimbanguiste mwaka 1994. Violin chache, watu wanapokezana. Wamepiga Simfoni ya 9 ya Beethoven na kwaya yao, kwa kujitolea. Haya, nani alianza kwa kudai posho pale?

Besi_Ukutani

Mkuu, umenisaidia bila kujua. Kinshasa mpiga violin naye alijitolea! Wote wamekaa kwenye jamvi moja. San Francisco mwenye violin ana mkataba na bima, nyuma yake mwimbaji anaambiwa ajibane. Mimi sijasema kujitolea ni dhambi. Nimeuliza kwa nini anajitolea mmoja tu.

Alto_wa_Nyuma

Na nauli hamjaigusa. Wiki ya onyesho ni mazoezi usiku nne mfululizo, na maegesho karibu na ukumbi yalinikula kuliko chakula cha jioni.

Teno_Mstaafu

Nauli nakubali, wapewe. Maegesho pia. Mshahara bado napinga.

Jalada_la_Zamani

Ndivyo inavyoanza hivyo, mzee. Subiri tukuletee fomu ya AGMA.