Naomba ushauri: kuku anakwama baada ya upasuaji wa kupunguza tumbo

Habari zenu wapendwa. Miezi kadhaa iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ule wa kukata sehemu kubwa ya tumbo na kubakiza kama mrija. Daktari amesharuhusu chakula kigumu, na natamani sana kula vyakula halisi badala ya unga wa protini wa kopo kila siku.

Shida ni kuku, hasa kidari. Tonge la pili tu kifua kinabana, mate yanajaa mdomoni, mara nyingine chakula chote kinarudi. Mayai na samaki laini vinapita vizuri. Mboga mbichi ndiyo kabisa hazipiti.

Nimejaribu vipande vidogo, kutafuna hadi viwe kama uji, na kutokunywa maji mpaka nusu saa baada ya kula. Kuna nafuu, ila nashiba kabla ya kufikia gramu 60 za protini nilizoambiwa kwa siku. Vitamini natumia bila kukosa.

Mliopitia hali hii, kuku mlimpikaje hadi akapita? Na mboga na maharage mlianza navyo vipi bila kuziba nafasi ya protini? Miadi ya mtaalamu wa lishe bado iko mbali.